Asubuhi kadogo, jioni kamejaa

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miezi 5. Mfuko wa korodani umevimba upande wa kulia tangu azaliwe. Asubuhi unanywea, jioni unajaa. Nikiugusa halii, na ananyonya vizuri. Shangazi yake anasema ni busha, limeletwa na mbu, nimpeleke akavutwe maji kwa sindano. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mama. Shangazi kapatia nusu. Kwa maelezo yako linafanana na busha kweli, ila mbu hawamo. Busha la mbu huchukua miaka na ni la watu wazima. Korodani za mtoto huanzia tumboni, kisha hushuka kwa njia nyembamba ya kinenani, na njia hiyo hujiziba. Ya mwanao huenda imebaki na upenyo. Akishinda amebebwa wima, maji ya tumboni yanachuruzika, akilala, yanarudi.

Sindano ikatae. Upenyo ukiwapo maji yatarudi tu, na kama kilichoshuka ni utumbo, yaani ngiri, utatobolewa.

Hapo ndipo penye kazi: ni maji au utumbo? Mimi huanza na vidole. Napapasa juu ya uvimbe, karibu na kinena. Vidole vikikutana juu yake, uvimbe umeishia pale, mara nyingi ni maji. Visipokutana, kuna kitu kimeshuka kutoka juu. Wapo wanaomulika tochi gizani, maana maji hung'aa mekundu. Tochi iliwahi kunidanganya nikiwa bado kijana: utumbo wa kichanga ni mwembamba, nao hupitisha mwanga. Shaka ikibaki, altrasaundi.

Yakiwa maji, tunasubiri. Mengi hukauka yenyewe kabla ya miaka 2. Yasipokauka, njia hufungwa kwa upasuaji mdogo, na mshono utauona kinenani, si kwenye mfuko. Ngiri haisubiriwi hivyo, hasa kwa mtoto wa umri huu.

Lakini uvimbe ukiwa mgumu ghafla, ukabadilika rangi, akalia hanyamaziki au akatapika, usingoje kukuche. Utumbo unaweza kuwa umebanwa, au korodani imejisokota, na hiyo huanza kufa ndani ya saa chache; tuna muda wa kama saa 6 tu tangu ianze kuuma.

Jambo moja zaidi: kliniki utafika asubuhi, uvimbe umenywea, uambiwe hana kitu. Upige picha jioni kwa simu, uende nayo.