Wasomaji Wauliza: Mbio za Katamarani Zinazopaa Juu ya Maji

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Lamu, na zinahusu jambo moja: mbio za kimataifa za katamarani, yaani vyombo vya upepo vyenye miili miwili, zinazoonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni, pamoja na mabishano yanayozuka barazani zikitazamwa. Tumechagua nne.

Ndugu Mhariri, asalaam alaykum. Tunapotazama SailGP, ile ligi ya kimataifa ya mbio za katamarani, chombo kimoja hushika upande wa kulia na kingine upande wa kushoto. Machoni petu cha kulia ndicho kilicho mbele, ilhali mtangazaji anasema kinaongoza cha kushoto. Wenzangu wanadai kwamba watangazaji wana timu yao. Je, ile mistari inayochorwa kwenye skrini juu ya picha ya bahari ina ukweli wowote? — Msomaji, Shela

Wa alaykum salaam. Mistari ile ina ukweli, tena kuliko macho yenu, kwa sababu kamera ya helikopta hutazama kwa mshazari na chombo kilicho karibu nayo huonekana kikubwa na cha mbele. Nahodha yeyote wa mashua anajua kwamba chombo hakiwezi kuuelekea upepo moja kwa moja, bali ni lazima kibishe, kiende huku kisha kigeuke kule. Kwa hiyo, katika sehemu ya mbio ya kupanda upepo, anayeongoza ni yule aliyepanda zaidi kuelekea upepo unakotoka, hata kama amejitenga pembeni mwa uwanja. Mistari inayokatisha uwanja huchorwa ikiwa imeukingama upepo, na vyombo viwili vilivyo juu ya mstari mmoja viko sawa, hata vikiwa mbalimbali kiasi gani. Upepo ukigeuka, mistari nayo hugeuka, na aliyekuwa nyuma anaweza kujikuta mbele bila kuongeza mwendo hata kidogo.

Mfumo huo unaitwa LiveLine, na aliyeongoza utengenezaji wake kwa ajili ya America's Cup, mashindano mengine ya kimataifa ya vyombo vya upepo, ni Stan Honey, Mmarekani ambaye mwenyewe ni baharia mwongoza njia na ambaye hapo awali alishiriki kubuni mstari wa manjano unaoonekana katika matangazo ya American football, mchezo wa Kimarekani wa kukimbia na mpira mkononi. Mahali kilipo kila chombo hupimwa kwa setilaiti kwa usahihi wa sentimita chache, na wakati huohuo hupimwa mahali ilipo helikopta na jinsi kamera yake ilivyoinama. Bila kipimo hicho cha pili, mistari ingeteleza juu ya maji kila helikopta inapoyumba.

Lawama yangu mimi kwa watangazaji ni nyingine. Hupaza sauti kutaja mwendo, kilomita tisini kwa saa na zaidi, wakasahau kusema upepo unatoka wapi, jambo ambalo mtazamaji wa Lamu angeliuliza kwanza.

Mjomba wangu hajasamehe hadi leo kwamba mwaka 2013 New Zealand walinyang'anywa kombe wakiwa wanakaribia kumaliza. Ilikuwaje mbio zikasimamishwa? — Msomaji, Mkomani

Mwambie mjomba kwamba uchungu wake unaeleweka, ila hakuna aliyenyang'anywa. Katika America's Cup iliyofanyika San Francisco, mshindi alihitaji pointi tisa, na New Zealand walikuwa wamefika nane. Tarehe 20 Septemba, katika mbio za kumi na tatu, upepo ulikuwa hafifu na New Zealand walikuwa mbele kwa mbali, lakini kanuni iliyokubaliwa na pande zote ilitaka mbio zimalizike ndani ya dakika 40. Muda ulikwisha kabla hawajavuka mstari wa mwisho, mbio zikafutwa, na ziliporudiwa siku hiyohiyo wapinzani wao, timu ya Kimarekani ya Oracle, wakashinda. Kutoka kushindwa kwa 8–1, Oracle walimaliza kwa 9–8 tarehe 25 Septemba, ingawa walianza mashindano wakiwa wamekatwa pointi mbili kwa kuvunja kanuni za vyombo. Akitaka faraja, mjomba atazame mbio za Bermuda za mwaka 2017, ambako New Zealand waliwalaza Oracle haohao 7–1.

Mimi ni fundi wa vyombo. Chombo kisicho na tanga la kitambaa, kisichogusa maji, kinachoendeshwa kwa vitufe, kinastahilije kuitwa chombo cha upepo? — Fundi, Matondoni

Fundi, kinastahili, kwa kuwa hakina injini ya kukisukuma. Bawa lililosimama mahali pa mlingoti hufanya kazi ileile ya tanga, na foili zilizo chini ya maji zina umbo la bawa pia: maji yakipita juu yake kwa kasi, huinua chombo chote. Kwa kuwa maji ni mazito takriban mara mia nane kuliko hewa, foili ndogo hutosha kubeba chombo cha tani kadhaa. Mwili wa chombo ukishatoka majini, kizuizi hupungua sana, na chombo hukimbia kuliko upepo unaokisukuma.

Kuhusu vitufe, hapo una hoja. Mwaka 2013 nguvu zote za kusogeza bawa na foili zilitoka mikononi mwa mabaharia, na mwaka 2017 New Zealand walizalisha nguvu hizo kwa miguu, wakikanyaga pedali kama waendesha baiskeli. Katamarani za F50 za SailGP hutumia pia betri kuendesha foili. Binafsi nilipenda zaidi kuwaona watu wakitoka jasho.

Mbona mbio hizi huonyeshwa saa za ajabu? — Msomaji, Langoni

Hutegemea mji. Zikifanyika San Francisco saa saba mchana katika majira yao ya joto, kwetu ni saa tano usiku. Za Sydney za saa tisa alasiri mwezi Februari hutukuta saa moja asubuhi. Zinazotufaa ni za Uingereza wakati wa kiangazi chao, kwani tofauti yetu nao huwa saa mbili tu. Ukilazimika kutazama marudio, usifungue simu kwanza, maana matokeo yatakuwa yameshakufikia.