Kimara, Tabata au Kigamboni kwa anayefanya kazi Posta

Mkuu, karibu Dar. Umeuliza upange wapi kati ya Kimara, Tabata na Kigamboni; kwa kuwa unahama Mwanza na familia na ofisi iko Posta, katikati ya jiji, mimi ningeanzia Kimara. Mwendokasi (mabasi yenye njia yake) unakufikisha mjini bila kubadili gari, na ukipanga karibu na kituo cha mwisho unapanda basi likiwa bado tupu, siti unapata. Ila mvua kubwa ikinyesha, eneo la Jangwani njiani hujaa maji na njia hufungwa, hilo lijue mapema. Halafu Kimara ni vilima: nyumba za bei poa nyingi ziko ndani ndani, na bodaboda ya kila siku inaweza kumeza nafuu yote ya kodi.

Kigamboni kuna hewa na nafasi, lakini bila gari asubuhi yako iko mikononi mwa pantoni (kivuko). Daraja lipo tangu 2016, ila lina tozo na linakutoa Kurasini. Tabata ni karibu kwa kilomita tu. Foleni ya Buguruni, njiani kwenda mjini, utaizoea au itakushinda.

Usilipe kodi ukiwa bado Mwanza, hata dalali akutumie picha nzuri namna gani. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Nenda jioni, fungua bomba, uliza wapangaji (siyo dalali) maji yanatoka siku gani na Luku (mita ya umeme) ni ya kwako au mnachangia.

Bajeti yako kwa mwezi ni kama shilingi ngapi?