Kumpeleka mtoto akaambukizwe tetekuwanga kabla ya likizo: hesabu siku kwanza

Waaleikum salaam dada. Kwa wanaoingia sasa hivi: dada yuko Langoni, Lamu. Mwanawe ana miaka miwili, mtoto wa jirani ametoka vipele vya tetekuwanga juzi, na wiki tatu kutoka leo wanasafiri kwenda Malindi kwa likizo ya Agosti, wafikie kwa wifi yake ambaye mimba yake imeingia mwezi wa nane. Bibi ameshauri mtoto apelekwe akacheze na mgonjwa, augue sasa amalize, safari iwe nyepesi. Kazi yangu ni kuuguza watoto, na jibu langu ni usimpeleke. Tuanze na kalenda, maana hapo ndipo mpango huu unapovunjika.

Chukua leo kuwa siku ya 0. Virusi vya tetekuwanga hukaa kimya mwilini siku 10 hadi 21 kabla ya kipele cha kwanza, na watoto wengi hutoka kati ya siku ya 14 na ya 16. Mtoto huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla hujaona chochote, akiwa bado anakula na kukimbia. Huacha kuambukiza pale malengelenge yote yakishakauka yakawa vigaga na hakuna kipya kinachotoka, mara nyingi siku 5 hadi 7 tangu cha kwanza. Sasa piga hesabu. Akiwahi sana, atatoka siku ya 10 na kuwa salama siku ya 17. Akiwa kama wengi, atatoka siku ya 15 na kuwa salama siku ya 21 au 22, yaani asubuhi ya boti ya kuvukia Mokowe, upande wa bara, unahesabu vigaga. Akichelewa, atatoka siku ya 21, na siku mbili kabla yake alikuwa tayari anaambukiza. Kumwambukiza leo hakuiondoi tetekuwanga njiani, bali kunaipangia tarehe ya safari. Ungehitaji wiki nne kamili kwa mtoto mmoja, na kama ana ndugu ambaye hajaugua, ongeza wiki tatu nyingine au zaidi, kwa sababu huyo naye huanza hesabu yake pale mwenzake anapoanza kuambukiza.

Tena kucheza pamoja saa moja hakuhakikishi kitu. Wanaolala nyumba moja na mgonjwa na hawana kinga huambukizwa karibu 9 kati ya 10, lakini mgeni wa saa moja huenda akarudi bila kuambukizwa, nawe ukabaki siku 21 hujui kama ana virusi au hana.

Bibi ana haki katika jambo moja: mtoto mdogo mwenye afya huugua tetekuwanga vyepesi kuliko mtu mzima, na wengi hupona bila shida. Lakini vyepesi haina maana ya bila hatari. Kabla Marekani haijaanza chanjo mwaka 1995, watu 100 hadi 150 walikufa kila mwaka kwa tetekuwanga, na wengi wao walikuwa na afya njema kabla ya kuugua. Kinachowalaza watoto hospitalini mara nyingi ni bakteria wanaoingia kwenye vidonda vilivyokunwa. Wengine hupata nimonia, wachache huvimba ubongo. Jambo jingine ambalo wazazi wengi hawajui: mtoto anayeambukizwa kwa kukaa sana karibu na mgonjwa, kama ndugu wa nyumba moja, mara nyingi hutoka vipele vingi kuliko yule wa kwanza. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka, mwenye utapiamlo, anayeishi na VVU, anayetibiwa saratani au anayemeza dawa za steroidi kwa pumu, wazo hili lisitajwe hata kidogo.

Sasa wifi, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Wengi tunadhani kila mtu mzima aliugua utotoni. Katika nchi za joto kama yetu, watu wengi hufikia utu uzima hawajawahi kuugua, kwa hiyo usimkadirie, muulize. Mjamzito asiye na kinga yuko katika hatari ya nimonia kali, hasa miezi ya mwisho. Na tazama tarehe: mtoto akimwambukiza siku mnayofika, wifi atatoka vipele takriban wiki mbili baadaye, mwezi wa tisa umeshaingia. Mama akitoka vipele kati ya siku 5 kabla ya kujifungua na siku 2 baada yake, kichanga wake hupokea virusi bila kupokea kinga, kwa kuwa mwili wa mama haujapata muda wa kuitengeneza na kumpitishia. Kichanga wa namna hiyo anaweza kufa. Mwambie bibi hili kwa upole, ukiwa naye peke yake. Nia yake ni njema, na akina bibi wengi hubadili ushauri wakisikia habari ya kichanga.

Badala ya kumpeleka kwa mgonjwa, ulizia chanjo. Haimo katika ratiba ya bure ya watoto Kenya, ila hospitali na kliniki kadhaa za binafsi huwa nayo. Piga simu kwanza uulize kama ipo, kwa maana huagizwa na lazima ikae kwenye baridi. Huanza kutolewa mtoto akiwa na miezi 12, na dozi ya pili hufuata miezi 3 baadaye au zaidi. Dozi moja haizuii kila kipele, lakini huzuia karibu ugonjwa wote mkali. Beba kijitabu cha kliniki: kama alichomwa ya surua na wiki nne hazijatimia, itabidi isubiri, kwa sababu zote mbili ni chanjo hai na hutolewa siku moja au zipishane siku 28.

Kisha jiulize kwa makini: je, watoto hawa walikuwa pamoja siku mbili kabla ya vipele vya jirani? Nyumba za Langoni zimebanana, na ugonjwa huu husafiri kwa hewa. Kama walikuwa pamoja, hesabu imeshaanza siku hiyo, na chanjo inafaa itolewe ndani ya siku 3, mwisho siku 5. Chelewa wiki na haitazuia kitu kwa mara hii.

Kuanzia siku ya 8 tangu alipokaa na mgonjwa, mkague kila jioni. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo zima taa, washa tochi ya simu uielekeze kutoka ubavuni, utazame mpaka wa nywele, nyuma ya masikio, na tumbo na mgongo chini ya fulana. Kipele huanza kama alama ya mbu; baada ya saa chache juu yake panakaa tone la maji lenye ngozi nyembamba sana. Kinachoitambulisha tetekuwanga ni kwamba mahali pamoja utaona kipele kipya, lengelenge na kigaga kwa wakati mmoja. Vikiwa vigumu, vimezama, vyote hatua moja, vimejaa viganjani na nyayoni na tezi zimevimba, nenda ukapimwe mpox, ambayo ipo Kenya tangu 2024.

Akitoka: parasetamoli ya maji ya mg 120 kwa ml 5, mtoto wa kilo 12 hupewa ml 7.5 kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Pima kwa sirinji, kijiko cha chai kinadanganya. Usimpe asprini, inaweza kudhuru ini na ubongo. Usimpe Brufen pia, imehusishwa na maambukizi mabaya ya ngozi katika ugonjwa huu. Kata kucha fupi, mvalishe pamba nyepesi, mkogeshe maji matamu ya baridi kiasi bila dodoki, kisha mpake kalamini. Maji ya kisima yenye chumvi humchoma, na liwa au unga wowote unaogandana juu ya lengelenge hufungia uchafu ndani. Mpeleke hospitali upesi homa ikirudi baada ya kushuka au ikipita siku 4, ngozi ikivimba na kuwa moto kuzunguka kidonda, akipumua mbio, akiyumba anapotembea, akipata degedege, au asipokojoa.

Kuhusu safari yenyewe: kama hajakaa na mgonjwa kabisa, nendeni. Kama alikaa naye, tangu siku ya 8 hadi ya 21 baada ya hapo asiwe nyumba moja na wifi hata akionekana mzima. Sogezeni tarehe, au fikieni kwingine hapo Malindi. Akiwa na lengelenge bichi asipande boti wala basi. Saa nyingi ndani ya basi lililojaa zinatosha kumwambukiza mjamzito wa watu wengine. Mkiwa na tiketi ya ndege kutoka uwanja wa Manda, shirika linaweza kumkataa hadi vigaga vikauke, nao wana haki.

Mpigie wifi leo, si siku ya kufunga mizigo. Akisema hajawahi kuugua au hakumbuki, amwombe mkunga wake kipimo cha damu cha kinga ya tetekuwanga. Na ikitokea mmeshaonana naye kisha mtoto akatoka vipele ndani ya siku mbili, aende hospitali siku ile ile asingoje vipele vyake, maana tiba ya kumkinga hufaa ikiwahi. Apige simu kabla ya kufika, asije akaketi kwenye foleni ya wajawazito wenzake.