Siku 4 kuizunguka Aisilandi hazitoshi

Unauliza kama siku 4 zinatosha kuizunguka Aisilandi kwa gari? Hazitoshi ndugu, tenga 7, na ukipata 10 ni bora zaidi. Barabara nambari 1 inayoizunguka nchi ina kilomita kama 1,320, lakini usipige hesabu ya mafuta tu: mwisho wa mwendo ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami na 80 kwenye changarawe, na upande wa kusini utasimama kila baada ya muda mfupi. Sisi kutoka kijiji cha Vík hadi Jökulsárlón, ziwa la barafu, ambako si mbali, tulimaliza siku nzima. Mapande ya barafu ya buluu yanatoka ziwani, yanapita chini ya daraja kwenda baharini, mengine mawimbi yanayarudisha kwenye mchanga mweusi, yanameta kama vioo. Pale usipite mbio, tafadhali.

Gari dogo linatosha kiangazi ukibaki barabara ya 1. Barabara zenye herufi F kwenye nambari zake ni za gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, ndiyo sheria, na nyingine unavuka mito isiyo na daraja. Ukifungua mlango wa gari ushike kwa nguvu. Upepo wa kule huupindua, na bima nyingi za magari ya kukodi hazilipi hasara hiyo.

Kama safari ni kati ya Oktoba na Aprili, ongeza siku. Theluji hufunga njia ghafla, na Desemba mwanga ni wa muda wa saa 4 au 5 tu kwa siku. Angalia hali ya barabara kwenye tovuti ya umferdin.is kila asubuhi kabla ya kuwasha gari.