Mwelezeni na Mdogo Wake: Kwa Wazazi Wanaomuuguza Kijana Mwenye Skizofrenia

Kaka yangu alianza kuugua skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti wasizozisikia wengine, akiwa kidato cha tano, na huo ndio umri ambao ugonjwa huu hujitokeza mara nyingi, kuelekea mwisho wa ujana na mwanzoni mwa utu uzima. Ninawaandikia wazazi kwa ajili ya yule mtoto mwingine, asiyesumbua, anayeleta ripoti nzuri kutoka shuleni, ambaye kwa sababu hiyo kila mtu huamini kwamba hana shida.

Jambo ninaloliweka mbele ya yote ni kumwambia ukweli. Mtoto humwona kaka yake akijibizana na watu wasioonekana, huwasikia mashangazi wakinong'ona habari za majini na kurogwa, na shuleni wenzake humtania kwamba kwao kuna mtu wa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma. Asipopata maelezo kwa wazazi wake atajitungia yake, na mara nyingi katika hayo mkosaji huwa ni yeye: kwamba kaka aliugua kwa kuwa waligombana, au kwa kuwa siku moja alimwombea mabaya. Mama alinieleza kwa maneno mepesi kwamba kaka ana ugonjwa unaomfanya asikie sauti tusizozisikia sisi, kwamba ugonjwa huo una jina, kwamba hakuna yeyote nyumbani aliyeuleta, na kwamba dawa huzipunguza sauti hizo ingawa humfanya mzito na mwenye usingizi. Baada ya hapo nilimwelewa hata alipolala mpaka adhuhuri.

Liko swali ambalo wengi wetu hatulitamki, hasa tunapoukaribia umri ule alioanza kuugua mwenzetu: je, na mimi? Lijibuni kabla halijaulizwa. Ndugu wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa takriban 10 kati ya 100, wakati kwa watu wengi ni kama 1 kati ya 100, maana yake ni kwamba walio wengi kabisa hawaupati. Mwambieni pia kwamba bangi huongeza hatari hiyo, naye ana sababu kubwa kuliko wenzake ya kujiepusha nayo.

Msimfanye mlinzi. Kusindikizana na kaka msikitini au dukani ni undugu, bali kuhakikisha amemeza vidonge, kuficha visu na kubaki naye peke yake anapozidiwa ni kazi za watu wazima, na nasema hili kwa uchungu kwa sababu katika nyumba zetu mzigo huo huwaangukia mabinti bila hata kuulizwa. Mtoto ajue mapema aende kwa jirani gani hali ikibadilika, na ajue kwamba Tanzania na Kenya simu ya msaada kwa watoto ni 116, tena haina malipo. Mwalimu mmoja anayeaminika naye ajulishwe.

Mruhusuni akasirike. Harusi ikiahirishwa au ada ikichelewa kwa sababu fedha zimekwenda hospitali, ana haki ya kuumia, na kumwambia amshukuru Mungu kwamba yeye ni mzima humfunga mdomo tu, huku maumivu yakibaki palepale. Tengeni muda wake, hata kama ni safari ya sokoni, ambamo mgonjwa hatajwi mpaka yeye mwenyewe amtaje.

Hatimaye watoto hao wakikua, zungumzeni waziwazi nani atamtunza mwenzao wazazi watakapozeeka, badala ya kuwaachia wajigundulie msibani. Kwetu kikao hicho kilifanyika baba akiwa hai, kaka mwenyewe akiwepo na kusema anachotaka: mmoja wetu akachukua jukumu la kliniki, mwingine la kununua dawa zinapokosekana hospitalini, na kaka akachagua kuishi kwa dada yetu mkubwa.