Maswali ya Wasomaji: Sifuri za mwanzo zinazotoweka katika lahajedwali

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatunza orodha ya wanachama wa chama chetu katika lahajedwali la kompyuta. Kila mwanachama amepewa namba ya tarakimu sita, kama vile 000417, lakini nikishaiandika na kubonyeza Enter, ninabaki na 417 tu. Baadhi ya mistari niliwahi kuirekebisha kwa mkono, na mingine bado. Sasa nikitafuta namba ya mwanachama katika jedwali la michango ninaambiwa haipo, ilhali ninaiona kwa macho yangu. Nifanyeje ili namba zote ziwe na urefu mmoja?

JIBU: Ndugu msomaji, programu ya lahajedwali, kama vile Excel, ikikuta tarakimu tupu ndani ya seli hudhani umeandika kiasi, yaani kitu cha kujumlishwa au kugawanywa, na kwa upande wa kiasi 000417 na 417 ni kitu kimoja, kwa hiyo sifuri za mbele hutupwa. Namba ya mwanachama, hata hivyo, haina tofauti na namba ya simu au ya pasipoti: hakuna atakayezijumlisha mbili na kupata maana yoyote. Hilo ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na jina linastahili kuhifadhiwa kama maandishi. Ninakusihi uukate uamuzi huo kwanza, kwa sababu matatizo yote uliyoyataja yametokana na safu moja kubeba vitu vya aina mbili.

Njia ambayo wengi hufundishwa ni ya kubadilisha sura ya namba. Unachagua safu nzima, unabonyeza Ctrl pamoja na 1, unakwenda mahali pa kujitungia umbizo na kuandika 000000, ambapo kila sifuri inasimama badala ya nafasi ambayo ni lazima ijazwe. Papo hapo 417 inaonekana kama 000417. Kwa orodha ya kuchapishwa karatasini njia hiyo inatosha kabisa. Lakini bofya seli hiyo kisha utazame upau wa fomula ulio juu, nawe utaona kwamba kilichohifadhiwa bado ni 417. Ukiiunganisha na herufi kwa fomula kama ="MW-"&A2 utapata MW-417, na ukiitafuta katika jedwali ambamo 000417 iliandikwa kama maandishi, programu itajibu #N/A, maana kwayo kiasi na maandishi havilingani hata vikionekana pacha. Bila shaka ndivyo ilivyotokea kwako: ile mistari uliyoirekebisha kwa mkono imekuwa maandishi, na iliyosalia ni kiasi. Unaweza kuhakikisha kwa fomula =ISTEXT(A2), ambayo hujibu ndiyo au siyo kwa kila mstari.

Dawa yenyewe ni kuongeza safu ya pembeni na kuandika =TEXT(A2,"000000"), kisha kuiburuta hadi chini. Ikiwa kompyuta yako imepangwa kutumia mkato katika desimali, weka nuktamkato badala ya mkato kati ya sehemu mbili za fomula. Jibu lake ni maandishi halisi yenye sifuri za kweli, na katika Excel hufanya kazi hata pale ambapo seli ya awali ilikuwa na tarakimu zilizohifadhiwa kama maandishi. Angalizo moja: seli tupu itageuka kuwa 000000, na utajikuta na wanachama wasiokuwepo, kwa hiyo ni salama zaidi kuandika =IF(A2="","",TEXT(A2,"000000")). Ukimaliza, nakili safu hiyo mpya na uibandike kama thamani pekee, bila fomula, ndipo uifute ile ya zamani. Fanya hivyohivyo katika jedwali la michango.

Utakutana pia na watu wanaopendekeza =RIGHT("000000"&A2,6), ambayo hutanguliza sifuri sita na kuchukua herufi sita za mwisho. Mimi siipendi kwa kazi ya kumbukumbu. Ikiwa mtu aliteleza akaandika 1234567, fomula hiyo itaikata kimyakimya na kukuachia 234567, ambayo huenda ni namba ya mwanachama mwingine kabisa, wakati TEXT ingeiacha na tarakimu zake saba nawe ungeligundua kosa. Pale ambapo namba zina herufi ndani yake, kama 41B, TEXT haiwezi kuongeza sifuri; hapo tumia =REPT("0",6-LEN(A2))&A2. Hii ikikutana na kitu kirefu kupita kiasi hutoa #VALUE!, na kosa linaloonekana lina faida kubwa kuliko jibu baya lililojificha. Hakikisha tu kwamba hakuna nafasi tupu iliyosalia mwishoni mwa namba, kwa kuwa LEN huihesabu nayo.

Kwa namba zitakazoandikwa kuanzia sasa, ipe safu umbizo la maandishi kabla ya kuandika chochote. Ukiipa umbizo hilo baadaye, sifuri zilizokwisha kutupwa hazirudi. Huenda ukaona pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya seli, ikikushauri uigeuze namba iwe kiasi. Usiukubali ushauri huo.

Mahali ambapo kazi nzuri huharibika zaidi ni katika mafaili ya CSV. Faili la aina hiyo hubeba herufi na vitenganishi tu, halina kumbukumbu ya umbizo lolote. Sifuri zako zinaweza kuwa zimo ndani yake salama, na ukilifungua kwa programu ya kuhariri maandishi matupu utaziona, lakini ukilibofya mara mbili likafunguka katika Excel zinatupwa upya, na ukilihifadhi wakati huo umezipoteza ndani ya faili lenyewe. Liingize faili kupitia menyu ya data, na katika hatua ya kuchagua aina ya safu uieleze programu kwamba safu ya namba ni maandishi.

SWALI: Mimi nina namba za kadi zenye tarakimu 16. Urefu haujapungua, ila tarakimu ya mwisho imegeuka sifuri katika kila mstari. Ni fomula gani itakayoirudisha?

JIBU: Hakuna fomula ya kuirudisha, ndugu. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba yoyote inayochukuliwa kama kiasi, na inayofuata hugeuzwa sifuri wakati uleule unapobonyeza Enter, kwa hiyo tarakimu ya kweli haimo tena popote katika faili. Zirudie namba hizo kutoka katika chanzo chake cha awali, na safari hii safu iwe ya maandishi kabla hujaandika ya kwanza.