Kabla hujajumlisha marejeleo ya mwanafizikia wa plazma

Ndugu unayeanza kazi chuoni hapa Mtwara au Lindi, ukipewa jina la mwanafizikia wa plazma na kuambiwa ueleze utafiti wake umewafaa wenzake kiasi gani, jicho lako litakimbilia jumla ya marejeleo, yaani makala zake zimetajwa mara ngapi na makala nyingine. Iache kwanza. Mnunuzi wa korosho haridhiki na uzito wa gunia. Anapima unyevu, anapasua chache, anataka kujua kilo 80 za korosho ghafi zitatoa kiini kiasi gani. Jumla ya marejeleo ni uzito wa gunia.

Anza na jina. Watu wetu wengi wana majina matatu. Makala moja inaandikwa kwa jina la baba, nyingine kwa la babu, na kompyuta inahesabu watu wawili. Tafuta namba ya ORCID ya mtafiti, yaani namba ya utambulisho wake yenye tarakimu 16, uilinganishe na orodha ya Google Scholar na ya Scopus, hifadhidata mbili zinazohesabu marejeleo. Neno lenyewe la plazma nalo linapotosha. Mwanasayansi Irving Langmuir aliipa gesi yenye chembe zenye chaji jina hilo mwaka 1928, lakini madaktari walikuwa wanalitumia tayari kwa maji ya damu. Ukikuta makala ya homa ya ini katikati ya makala za muunganiko wa nyuklia, huyo ni mtu mwingine mwenye jina kama lake. Mwondoe.

Sasa fahirisi ya h, aliyoipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: h ni idadi kubwa kabisa ya makala ambazo kila moja imerejelewa angalau mara h. Panga makala kuanzia iliyorejelewa zaidi. Tuseme zimerejelewa mara 140, 61, 33, 12, 9, 7, 7, 4, 2 na 0. Jumla ni 275. Hesabu ukishuka: makala ya saba ina 7, ya nane ina 4 tu, kwa hiyo h ni 7. Ile yenye 9 ikiwa imeorodheshwa mara mbili, nakala ya awali ya arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya makala ambazo hazijapita kwenye jarida, ikiwa na 5 na ya jarida ikiwa na 4, h inashuka hadi 6 bila mtu kukosea lolote kwenye utafiti. Ziunganishe kabla ya kuhesabu.

Rudi kwenye ile ya 140 na ufungue orodha ya waandishi. Fizikia ya plazma ina mitambo mikubwa ya majaribio ya muunganiko wa nyuklia, kama JET uliokuwa Culham, Uingereza, na ITER unaojengwa Ufaransa, na makala zake huweza kubeba mamia ya majina. Mtafiti wetu akiwa mmoja kati ya 300, iondoe makala hiyo uone: jumla inaanguka kutoka 275 hadi 135, wakati h inatoka 7 hadi 6 tu. Toa hesabu zote mbili kwenye taarifa, iliyo nayo na isiyo nayo. Usimnyime sifa, maana huenda ndiye aliyetengeneza kipimo cha joto la elektroni ambacho kazi yote ilikitegemea. Ila hilo halionekani kwenye namba. Linaonekana kwenye maelezo ya mchango wa kila mwandishi, kama jarida limeyaweka, au kwenye makala zake nyingine ndogo zenye waandishi watatu au wanne.

Hapa ndipo wengi huchoka, na hapa ndipo kazi ilipo: soma waliomrejelea. Chagua makala kumi, za zamani na za karibuni, kisha tafuta sentensi yenyewe inayomtaja. Kutajwa kwenye utangulizi pamoja na wengine kumi na wawili ni salamu ya njiani. Kutajwa kwenye sehemu ya mbinu, kwamba "tumetumia mlinganyo wake", ni mtu aliyejenga nyumba juu ya msingi wake. Weka pembeni alizojirejelea mwenyewe. Kama chuo hakilipii majarida, muulize mkutubi kuhusu Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, kisha pakua hizo kumi kwa mkupuo mmoja usije ukamaliza bando nusu ya kazi.

Usilinganishe matawi. Plazma baridi ya kutibu vidonda husomwa na madaktari na wanabiolojia pia. Nadharia ya mawimbi kwenye plazma ya sumaku ina wasomaji wachache, na kurejelewa mara 30 huko ni jambo kubwa. Makala ya mwaka jana nayo usiihukumu. Wala usimpime mtu kwa kipimo cha jarida (impact factor), ambacho ni wastani wa marejeleo ya makala za jarida hilo za miaka miwili iliyotangulia, za waandishi wote.

Google Scholar huhesabu pia tasnifu na ripoti, hivyo namba zake kwa kawaida huzidi za Scopus. Usichanganye vyanzo kwenye jedwali moja. Juu ya jedwali andika chanzo, tarehe uliyochukua namba, makala ulizoziunganisha, na ulizoziondoa pamoja na sababu ya kila moja.